Mkia mwepesi kwa fundi mwenye mkono mzito

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kumaliza mabawa ya ndege yake ndogo ya rimoti, akayapiga picha pande zote, akazituma kwenye kundi la familia, akapongezwa na shangazi, na sasa amebakiwa na mkia. Mkia huachwa mwisho siku zote. Hufanywa usiku, kwa mbao zilizosalia, kwa gundi ambayo lazima itumike kabla haijakaukia ndani ya chupa, na kwa moyo wa mtu anayetaka kuona kitu kinaruka Jumapili hii hii. Ndiyo maana kila kilichobaki bandani hukimbilia nyuma ya ndege: kipande cha plaiwudi, skrubu mbili ndefu, rangi iliyobaki robo kopo, na ile hamu ya fundi ya kuonyesha kwamba kazi yake haivunjiki.

Hamu hiyo tumeirithi. Tumekulia kwenye nyumba ambazo ubora wa samani hupimwa kwa idadi ya vijana wanaohitajika kuibeba. Kitanda cha mninga kutoka kwa mafundi wa Keko, Dar es Salaam, kikiingizwa ndani na watu wanne, majirani wanatikisa vichwa kwa heshima. Kikiingizwa na wawili, atatokea mmoja wa kugonga ubao kwa kucha ili ahakikishe si maranda yaliyogandishwa. Fundi aliyelelewa hivyo akiambiwa atengeneze kitu chenye nguvu, mkono unakwenda wenyewe kwenye ubao mnene zaidi. Kwa kitanda ni sawa kabisa. Kitanda hakitarajiwi kupaa.

Tuanze na hesabu, ili baadaye usije ukasema hukuambiwa.

Chukua ndege ya kujifunzia ya kawaida, yenye mabawa ya mita 1.5 kutoka ncha hadi ncha na upana wa sentimita 25. Bawa la mkia, yaani lile linalolala, linafaa liwe na eneo la takriban moja ya tano ya eneo la mabawa. Tuseme sentimita 52 kwa 15. Fundi wetu anachukua balsa ya unene wa milimita 6, anakata umbo zima kwa kisu, anapiga msasa kingo, na kabla chai haijapoa amemaliza. Ujazo wa ubao huo ni sentimita za ujazo 468. Balsa ya kawaida ikiwa na gramu 0.16 kwa kila sentimita ya ujazo, hapo pana gramu 75. Nani wa kuogopa gramu 75?

Pua ndiyo ya kuogopa. Ndege ya namna hii inatakiwa ikae sawa ukiishika mahali palipo kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Mkia uko kama sentimita 75 nyuma ya hapo. Pua, kwa sababu ndege nyingi zina pua fupi na mkia mrefu, inaishia sentimita 30 mbele. Kwa hiyo kila gramu ya mkiani inadai gramu mbili na nusu za puani ili pande zilingane. Mkia huohuo ukijengwa kwa vijiti, kama nitakavyoeleza, utapata gramu 30 hivi, gundi ikiwemo. Umeokoa gramu 45 nyuma na gramu 112 mbele. Au, kwa upande wa fundi wa chai: ubao mmoja usio na hatia umeongeza zaidi ya gramu 150 kwenye ndege nzima, na hakuna hata moja kati yake inayosaidia kuruka.

Hapo ndipo utakapofahamiana na wauza zana za uvuvi. Utanunua chubwi za risasi, utazisukumiza puani mbele ya mota, utazimwagia gundi, na muuzaji atakuuliza unavua samaki gani. Wakongwe wa mchezo huu wanasema ndege nzito puani huruka vibaya, na ndege nzito mkiani huruka mara moja.

Wa kulaumiwa kwa habari yote hii ya mkia ni Mfaransa mmoja, Alphonse Pénaud. Mwezi Agosti 1871, kwenye bustani ya Tuileries jijini Paris, aliwaonyesha watu ndege ndogo iliyoendeshwa kwa mpira uliosokotwa. Nyuma ya mabawa alikuwa ameweka kibawa kingine kidogo, kimeinamishwa kidogo tu kuliko bawa kubwa, na ndege ikaenda makumi kadhaa ya mita bila kupiga mbizi wala kuinua pua mpaka ikakosa nguvu. Kazi ya mkia ni hiyo mpaka leo: haubebi ndege, unairudisha kwenye mstari kila inapotaka kufanya fujo. Ndege nzima ya Pénaud, pamoja na mpira wake, ilikuwa na uzito wa gramu 16. Kuna watu ambao kipande chao cha plaiwudi cha kufungia mkia kinazidi hapo, na bado wanataka kuongeza skrubu.

Hatua ya kwanza ni mbao. Ukisikia neno "imara", funga macho mbele ya kila ubao ulioufahamu utotoni. Mpingo una zaidi ya kilo 1,200 kwa mita ya ujazo; ukiutupa majini unazama, na mkia wa mpingo utakuwa imara sana huko chini uliko. Mninga uko kwenye kilo mia sita na kitu. Hata paina ya msitu wa Sao Hill, ambayo fundi wa Keko anaiona kama karatasi, ni nzito kama mara tatu kuliko balsa. Balsa ya kawaida ina kilo 100 hadi 200 kwa mita ya ujazo, na ile teule inashuka chini ya 100. Si mti wa kigeni moja kwa moja. Ni ukoo mmoja na mbuyu na msufi wetu, na tunda lake likipasuka hutoa usufi vilevile. Lakini usikimbilie msufi wa jirani na panga. Ndugu huyo wa Pwani ni mwepesi kwa mti, bado ni mzito kwa mkia.

Balsa nyingi ya dunia inatoka Ekuador, ambako mti hukua kwa pupa na kuvunwa ungali kijana. Usidhani ni mbao ya watoto. Katika Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walijenga ndege ya kivita ya de Havilland Mosquito kwa kuibana balsa katikati ya tabaka mbili za plaiwudi nyembamba, na ilikuwa miongoni mwa ndege zenye kasi kubwa za wakati wake. Siku hizi balsa hiyohiyo hujazwa ndani ya mapanga ya mitambo ya umeme wa upepo. Mwaka 2020 viwanda vya mapanga hayo viliigombania hadi bei ikapaa, na mtu aliyetaka vipande vitatu vya mkia akajikuta kwenye foleni moja na makampuni ya umeme. Ikiwa unaiagiza kutoka nje kwa nauli ya kuumiza, hilo nalo ni la kukufanya ukate kwa adabu.

Siri ambayo duka halikuambii ni kwamba mbao mbili za balsa zenye ukubwa mmoja, bei moja na sura moja zinaweza kupishana uzito maradufu. Ubao wa sentimita 91 kwa 7.5 wenye unene wa milimita 6 unaweza kuwa na gramu 41 au gramu 82. Kwa hiyo beba mizani. Ile ya jikoni inatosha, mradi isome gramu moja moja na mwenye jiko awe hayupo. Pima kila ubao, andika uzito kwa penseli kwenye ncha, na uupangie kazi: nzito za mwilini na mabawani, nyepesi za mkiani. Watu wengi hufanya kinyume, kwa sababu nyepesi huonekana nzuri na nzuri huwekwa mbele palipo na macho ya watu.

Ukishapima, tazama uso wa ubao. Ukiona mistari mirefu tu na ubao unakubali kukunjwa ukiubonyeza kwa upana, huo umekatwa kwa namna inayofaa kuvalishwa kwenye mviringo. Ukiona madoa madogo yanayong'aa na ubao unakukatalia kabisa kukunjika, huo umepasuliwa kutoka kati ya gogo kwenda nje. Ni mgumu kwa upana, haupindi ovyo, na ukiulazimisha unavunjika kwa hasira. Wa pili huo ndio wa mbavu na wa elevata, ile sehemu ya nyuma ya mkia inayopanda na kushuka. Kwa vijiti, shika kila kimoja kwenye ncha, kiache kining'inie kwa ulalo, na uone kinavyolegea. Vinavyolegea sawasawa viwe jozi, kimoja kushoto, kimoja kulia. Kijiti kigumu upande mmoja na kilegevu upande mwingine hukupa mkia unaosikiliza amri nusu.

Hatua ya pili ni kuchora ramani ya mkia kwa ukubwa wake halisi. Utairuka. Twende ya tatu.

Kabla ya kukata chochote, uliza ni nani hasa anayetaka kuuvunja mkia huu. Fundi mwenye mkono mzito anawaza upepo. Anajiona yuko angani, dhoruba inavuma, mkia unalia, na kile kipande chake cha plaiwudi ndicho kinachookoa maisha ya watu. Hebu tupige hesabu kwa upole. Ndege yetu ikikimbia kilomita 54 kwa saa, na ukavuta elevata kwa pupa mpaka mkia wote unasukuma hewa kwa nguvu yake yote, msukumo huo ni kama kilo moja tu, na umesambaa kwenye bawa zima. Kijiti cha balsa kilichopangwa vizuri kinaubeba huku kinapiga miayo.

Maadui wa kweli wa mkia wanaishi chini. Wa kwanza ni mlango, hasa wa chumba chenye mwanga hafifu, kwa sababu wewe unaingia ukitazama pua na kusahau kwamba ndege ina mita nzima nyuma yako. Wa pili ni buti la gari. Wa tatu ni feni ya dari, kwa wale wanaoinua ndege juu kuwaonyesha wageni. Wa nne ni mpwa wa miaka minne aliyeambiwa asiguse. Hakuna kati yao anayetishwa na unene wa milimita 6. Wote wanashinda kwa kiwiko, kwa pigo la sehemu moja, kwenye ncha au kwenye kona. Kwa hiyo nguvu inatakiwa kingoni na konani, na katikati panaweza kubaki hewa tupu.

Hapa fundi wa mkono mzito huwa na wazo: atatoboa mashimo kwenye ubao wake. Ni wazo zuri la kupitisha muda. Mashimo kumi ya upana wa sentimita 2.5, kwenye ubao wetu wa milimita 6, yanaondoa gramu zisizofika tano. Umechafua sakafu, umekata nyuzi za mbao mahali kumi, na kila shimo sasa ni mahali ambapo ufa umekaribishwa kuanzia.

Njia ya kweli ni fremu. Na sehemu ya fremu inayostahili uvumilivu wako wote ni ukingo wa nje, ule unaozunguka kutoka ukingo wa mbele hadi nchani na kurudi nyuma. Ukiukata ukingo huo wenye mviringo kutoka kwenye ubao mmoja, kuna mahali nyuzi za mbao zitakuwa zinapita kwa urefu, na mahali zitakuwa zinakata ukingo kwa mshazari. Hapo penye mshazari ndipo mlango utakapopagonga, mlango haukosei. Dawa ni kuusuka ukingo kwa tabaka nyembamba zinazofuata mzunguko wenyewe, ili nyuzi zisikatike popote.

Kata kalibu kutoka kadibodi ngumu, umbo la mkia lakini ndogo kwa milimita 6 kuzunguka, maana ukingo utakaa nje yake. Sugua makali ya kalibu kwa mshumaa, vizuri, hadi yateleze. Usiposugua, utakuja kutoa mkia na kalibu pamoja. Pasua vijiti vinne vya balsa vyenye unene wa milimita 1.5 na upana wa milimita 6, virefu kuliko unavyodhani vinahitajika. Viloweke kwenye maji ya moto mpaka vilegee. Kijiti kilichokuwa kinavunjika ukikitazama vibaya, sasa kinazunguka kidole gumba bila malalamiko. Vizungushe kwanza bila gundi, ili vikubaliane na umbo, uvifungue, uvifute maji, kisha paka gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa kwa maji kidogo kwenye nyuso zitakazokutana. Sasa vizungushe vyote vinne kwa pamoja ukianzia katikati ya ukingo wa mbele, ukivuta kwa mkono wa kushoto na kukandamiza kwa wa kulia, huku unabana kwa vibanio vya nguo na vipande vya utepe. Gundi itatoka katikati ya tabaka. Ifute yote. Najua inauma, lakini ile iliyotoka ni ile isiyohitajika, na ikikauka itakuwa ngumu kuliko balsa, kiasi kwamba msasa wako utakula mbao pembeni na kuiacha yenyewe imesimama.

Acha hadi kesho. Sehemu hii ya mwongozo haina njia ya mkato, na ndiyo inayowashinda watu. Ukiutoa ukingo usiku huohuo utajinyoosha nusu mbele ya macho yako. Ukiutoa kesho yake, utashika mkononi pete nyepesi yenye nguvu ya ajabu. Ibonyeze ncha kwa ncha, itarudi. Wageni wakija, waonyeshe hiyo, chini ya kiwango cha feni.

Kinachobaki ni kuijaza katikati. Bandika ramani (ile uliyoiruka, ambayo sasa unaichora) juu ya ubao laini wa silingi, funika kwa nailoni ya kufungia chakula ili mkia usigandane na ramani, kisha bana pete yako kwa pini. Usizitumbukize pini ndani ya vijiti. Zisimame pembeni, mbili mbili, zikikibana kijiti katikati yao. Nyuma, pale elevata itakapofungwa, weka mhimili ulionyooka wa milimita 6 kwa 10, mgumu kuliko vingine vyote. Katikati, mahali mkia utakapokaa juu ya mwili wa ndege, weka ubao uliojaa, kwa sababu hapo ndipo kila kitu kinapofungwa na kubonyezwa. Sehemu iliyobaki, jizuie.

Wengi huweka mbavu zilizonyooka kutoka mbele kwenda nyuma, zikapendeza kwa macho. Fremu ya namna hiyo ni miraba mitupu, na mraba ukisukumwa pembeni hulala. Ukishika ncha zake mbili na kuzizungusha kinyume, mkia unajinyonga bila ubishi. Weka vijiti vya mshazari, kimoja kinakwenda, kingine kinarudi, hadi kila nafasi iwe pembetatu. Fundi yeyote aliyepandisha kenchi za paa anajua kwa nini: pembetatu haiwezi kubadili umbo mpaka mbao yenyewe ivunjike. Ajabu ni kwamba fundi huyohuyo, aliyepaua nyumba nzima kwa pembetatu, akikaa mezani na ndege anasahau na kutafuta plaiwudi.

Ukate kila kijiti kirefu kidogo, halafu kipunguze ncha kwa msasa uliogundishwa kwenye kibao, ukijaribu na kurudi, mpaka kiingie kwa kusuguana kidogo na kubaki hapohapo bila gundi ukiinua fremu. Kikiwa kifupi, utajaza pengo kwa gundi na kujiambia haionekani, mizani inaiona. Kikiwa kirefu ukakilazimisha, kitasukuma ukingo nje na mkia utakuwa na nundu. Kwenye kona, pachika pembetatu ndogo za balsa, nyuzi zake zikifuata ule upande mrefu unaounganisha vijiti viwili. Ukizigeuza nyuzi kwingine, kona itapasuka sambamba nazo na pembetatu yako itabaki kama pambo.

Kuhusu gundi nitakuwa mfupi, kwa sababu kila fundi ana dini yake. Gundi nyeupe ya mbao ina maji mengi, na maji huondoka; kinachobaki ni kidogo. Gundi ya sehemu mbili, ile ya kuchanganya, haiondoki hata chembe. Ulichopaka ndicho utakachorusha, kwa hiyo iishie mahali mkia unapokutana na mwili na isivuke hapo. Supagluu ni ya haraka na ya kubanisha vidole. Ncha za vijiti hunywa gundi, kwa hiyo paka kidogo, subiri inyweke, paka tena kidogo, ndipo uunganishe. Kuna mafundi wanaoamini kwamba gundi inayochuruzika pande zote ni ushahidi wa upendo. Wanapenda sana, na ndege zao zinabaki nyumbani nao.

Elevata na usukani ni sehemu zinazochezacheza nyuma ya mkia, na hapo wepesi una sababu nyingine inayozidi habari za chubwi. Sehemu inayoning'inia kwenye bawaba, ikiwa nzito nyuma na legevu, hewa ikifika kasi fulani huanza kupapatika. Hutapata onyo. Utasikia mngurumo mfupi, kama wa kitambaa kinachochanwa, na sekunde moja au mbili baadaye elevata iko shambani kwa mtu na ndege iko kwingine. Tumia ule ubao wenye madoa yanayong'aa, mwepesi, na uupunguze kutoka milimita 6 kwenye bawaba hadi milimita 2 kwenye ukingo wa nyuma. Utakuwa umeondoa uzito mahali palepale ambapo uzito huleta balaa. Unganisha elevata mbili kwa waya mgumu wa chuma ili ziende pamoja. Mahali pa kufungia ile pembe ndogo ya kuvutia waya, na hapo tu, nakuruhusu kipande cha plaiwudi. Kiwe cha milimita 1.5, ukubwa wa stempu ya barua. Nimekuona unavyofurahi.

Chonga kingo zinazokutana ziwe na mteremko, ili elevata ipande na kushuka bila kuacha mwanya mkubwa. Mwanya hupitisha hewa na kuiba nguvu ya elevata. Bawaba ziwe nne kwa upana wote, zimelala kwenye mstari mmoja ulionyooka. Moja ikipanda milimita moja juu ya wenzake, elevata itakuwa ngumu, sevo, yaani kile kimota kinachoivuta, itanung'unika na betri itaisha ikipambana nayo. Ukishika elevata kwa vidole na kuitikisa, isicheze bila sevo kujua.

Kisha msasa. Msasa ndio chombo pekee kinachofanya mkia uwe mwepesi zaidi ya ulivyokuwa jana, kwa hiyo uupe muda. Utumie kwenye kibao kirefu. Ukishika kwa kidole, kidole kitachimba kati ya vijiti na kuviacha vijiti vimevimba. Ukingo wa mbele uwe mviringo. Funga mdomo na pua kwa barakoa, na ufanyie nje, upande ambao upepo hauelekei kwenye nguo zilizoanikwa. Nguo nyeupe zenye vumbi la balsa zimewahi kusimamisha miradi mikubwa kuliko huu.

Kuvalisha ngozi ndiko kunakoharibu mikia mizuri. Ile nailoni ya kubana kwa joto la pasi hujikunja inapopata moto, na fremu nyepesi haina ubavu wa kubishana nayo. Ukivalisha upande mmoja, ukaukaza mpaka ulie kama ngoma, ndipo ukageuza wa pili, mkia utakuwa umekwishapinda na utabaki hivyo. Gundisha kingo za pande zote mbili kwanza, bila kukaza. Halafu pitisha pasi juu kidogo, chini kidogo, juu tena, ukichungulia kutoka nyuma kila mara kama ukingo umenyooka. Ukipinda, unyonge kinyume kwa mkono na mwingine apitishe pasi mpaka mikunjo iishe. Ngozi iliyokazwa vizuri huongeza ugumu wa fremu dhidi ya kunyongwa, kwa hiyo nayo inafanya kazi ya mbao, tena kwa gramu chache tu. Pasi iwe ya zamani. Wanaoazima ile ya kunyooshea shati za kazini huwa na Jumatatu ndefu.

Halafu kuna rangi. Najua kuhusu twiga. Twiga wa Air Tanzania anapendeza, na wewe umeshachora kiolezo chake kwa ajili ya pezi la mkia, lile linalosimama. Rangi mbili za mkono, vanishi juu yake, na umezirudisha gramu zote ulizoziokoa kwa usiku mzima wa kusuka tabaka. Mkate twiga kutoka kwenye nailoni ya rangi nyingine na umgundishe kwa pasi. Awe mmoja. Asiwe na familia.

Kufunga mkia kwenye mwili, usiamini jicho. Funga uzi kwenye pini iliyochomwa katikati ya pua, upime hadi ncha ya kushoto ya mkia, kisha hadi ya kulia. Vipimo vikilingana, mkia umekaa mraba. Pezi liwe wima kwa kipimo cha kona, maana pezi lililoinama hata kidogo litaifanya ndege ikate kona muda wote ukidhani ni upepo. Na kabla gundi yoyote haijaingia hapo, bana kila kitu kwa utepe, weka mota, sevo na betri, uinue ndege kwa vidole viwili chini ya mabawa. Betri ndiyo chubwi yako halali: isogeze mbele au nyuma mpaka ndege ilale sawa, ndipo uamue itakaa wapi. Fundi wa mkono mzito huifunga betri kwanza, kwa kamba nne, mahali panapopendeza.

Ukiweza, ufunge mkia kwa boliti mbili za plastiki badala ya gundi, ili uweze kuufungua wakati wa safari. Mwili wa ndege wenye mkia uliogundishwa hauingii kwenye bajaji, na kwenye daladala utaambiwa, "Anko, hiyo ndege yako inalipia siti." Lipa. Mkia uliowekwa mapajani dirishani utafika uwanjani mzima, ila ule uliosimama mlangoni kwa sababu ya shilingi mia kadhaa utakanyagwa kabla ya kituo cha pili.

Ukikanyagwa hivyohivyo, usiutupe. Fremu ya vijiti ina fadhila ambayo ubao mzima hauna: huvunjika mahali pamoja panapoonekana. Pasua ngozi kidogo kwa wembe, rudisha ncha mbili za kijiti zikutane, dondosha tone la supagluu, pachika kijiti kingine kifupi ubavuni mwake chenye nyuzi zinazokwenda upande uleule, funika kwa kipande cha utepe mwembamba. Ni kazi ya dakika chache, inafanyika ukiwa umechuchumaa kituoni. Chupa ya supagluu ikae mfuko wa shati. Wale wanaoiweka mfuko wa nyuma wa suruali hugundua kosa lao wanapotaka kushuka.